Nyeupe ni ya Mgeni

Salma, mkuu wa mapokezi, kaniomba niwaandikie vijana wapya mambo ya kazi. Kasema ziwe kurasa chache na nisilalamike. La kwanza nitajaribu. Vyeo naviacha, maana vyangu havijazi kiganja, na mshahara kila mmoja wenu anaujua ulivyo. Nitasema habari za funguo kidogo na za sataranji sana, kwa sababu kazi niliyoajiriwa ilikuwa ya funguo, na kazi niliyoifanya miaka thelathini na moja ilikuwa ya sataranji. Nyinyi mnaiita chesi. Ni hiyo hiyo.

Nilitoka Makunduchi na shati moja la mikono mirefu, la harusi ya kaka yangu, nikaingia Mji Mkongwe kutafuta hoteli iliyo kwenye uchochoro ambao watu wawili wanene wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Mnaujua, ndo huo mnaopita kila asubuhi. Siku ile hapakuwa na kompyuta wala kadi za kufungulia milango. Palikuwa na daftari kubwa, kengele ya mezani na funguo za shaba, kila mmoja na kibao kizito cha mkangazi ili mgeni asijisahau akaondoka nao. Walijisahau vilevile. Kibao cha chumba namba kumi na mbili kiko Ulaya mpaka leo.

Kazi ya mapokezi utaijua kwa wiki mbili, kuizoea ndo miaka. Mgeni akikwambia chumbani kwake mna mtoto wa mamba, usicheke. Panda naye, mtazameni pamoja huyo mjusi, kisha msifie macho yake makali. Mmoja alinipigia simu alfajiri akaniomba nipunguze sauti ya adhana. Nikamjibu kwa adabu kwamba swichi yake haiko mapokezi. Ukishika hayo mawili, adabu na uso mkavu, umeshika nusu ya kazi.

Nusu ya pili ilikuwa uani. Mnaijua ile meza iliyo katikati ya ua wa ndani, chini ya roshani. Meneja wetu wa kwanza, Bwana Nassor, aliweka pale ubao wa sataranji wenye kete za mpingo, kwa imani yake kwamba mgeni aliyepata mtu wa kucheza naye hukaa, na anayekaa huagiza kahawa ya pili. Wiki yangu ya kwanza akaniuliza, "Pandu, sataranji unaijua?" Nikasema naijua. Nilikuwa najua farasi anavyoruka, basi. Akaniketisha mbele ya bwana mmoja wa makamo, nami kwa bidii ya mtu mgeni kazini nikazivuta kete nyeupe upande wangu nikaanza.

Bwana Nassor akaniita pembeni. Hakupiga kelele, na ndo maana sijasahau.

"We Pandu, kwenu Makunduchi mgeni akija, nani ananawa mikono kwanza?"

"Mgeni, bwana."

"Sasa huyu umemwachia nyeusi ya nini?"

Basi. Anayeshika nyeupe ndiye anayeanza, na hapa kwetu mgeni ndiye anayeanza. Nikarudi, nikaugeuza ubao, nikamwomba radhi yule bwana, ambaye hata hakuelewa nimemkosea nini. Tangu siku hiyo sikuigusa nyeupe tena. Na mjue, wenye kucheza mchezo huu duniani hubadilishana rangi: leo nyeupe, kesho nyeusi. Mimi peke yangu nilikuwa mweusi wa kudumu, kila siku nimetanguliwa hatua moja.

Nilipigwa, wallahi nilipigwa. Wageni walikuwa wamesoma vitabu. Nilikuwa naiga wanachofanya, wakitoa farasi nami natoa, mpaka ghafla mfalme wangu hana pa kwenda na kahawa ya kwanza haijapoa. Siku moja nikawa napeleka taulo juu, kwenye chumba cha mashuka, na aliyekuwa akipiga pasi hakuinua kichwa.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Leo umepigwa kama ngoma."

Bi Mize alikuwa mkuu wa mashuka. Mtumbatu, mwembamba, mikono imekauka kwa sabuni, na dirisha la chumba chake linatazama uani moja kwa moja. Kumbe mwezi mzima alikuwa anapiga pasi huku anasoma mchezo wangu toka juu, na roho yake inamuuma. Baba yake alikuwa baharia, sataranji aliipata bandarini huko alikokwenda, akamfundisha binti yake. Ila mkubwa huanza kwanza, kwa hiyo binti utoto wake wote alicheza nyeusi.

"Nyeupe sijapata kuishika," aliniambia. "Nyeusi naijua kama kanga zangu. Vua viatu, ingia."

Ubao wake ulikuwa foronya. Foronya kuukuu ya mto, ameichora vyumba sitini na vinne kwa ule wino wa kuandikia namba kwenye mashuka, usiotoka hata uchemshe. Kete zilikuwa vifungo vya mashati waliyosahau wageni. Kifungo kikubwa cha koti ndiye malkia. Akaitandaza juu ya meza ya pasi, ingali na joto, akanifundisha kitu kimoja tu, nami nakifundisha hapa kwa sababu ndicho kilichonilisha.

Mgeni karibu kila mara huanza na askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili. Nawe unasogeza wa mbele ya malkia wako, hatua mbili, unampa amle. Akimla, malkia wako anatoka, anamla yule aliyekula. Hapo mgeni anamtoa farasi na kumtisha malkia. Na malkia, bila ya kujitetea, anageuka anarudi nyumbani, pale pale alipotoka.

"Ndo nini sasa?" niliuliza. "Yeye kashatoa farasi, mie sina hata kete moja nje ya mlango!"

"Hiyo ni Hodi," akasema Bi Mize. "Mtu anapiga hodi, haitikiwi, anarudi kwao. Wala hanuni."

"Lakini nshapoteza hatua."

"Umepoteza. Umeniona nimekuficha? Yeye ana nafuu, na atajiona ana nafuu. Mwache afurahi nayo. Mtu mwenye furaha hatazami miguu yake."

Mengine yalikuwa ya kazi tu. Ndovu wa upande wa malkia, yule anayekwenda mshazari, mtoe kabla hujaufunga mlango kwa askari, la sivyo utakuwa umemfungia stoo mpaka mwisho. Halafu askari wawili hatua moja moja, ukuta. Halafu badilishana kete kila ukipata nafasi, maana nyumba yako ni ndogo, na nyumba ndogo haitaki watu wengi. Ukibaki na wachache, yule mwenye nafasi kubwa hana wa kuijaza.

Siku hizi Salma ananionesha kwenye simu yake. Ukiipa simu mchezo huo, inakuandikia kwamba nyeupe iko mbele kidogo. Simu imesema kweli. Bi Mize aliyasema hayo hayo na pasi mkononi.

Na kwa kazi yetu Hodi ilikuwa dawa. Mgeni anaanza na nafuu, anachangamka, anamwita mkewe aje aone. Mchezo unachukua saa mbili. Mara anashinda, mara tunatoka sare, mara nafuu imemponyoka hajui imeanguka wapi, na ananishika mkono kwa heshima. Bwana Nassor alihesabu vikombe, akaridhika. Kila jioni kabla ya kutoka nilipanda juu nikamsimulia Bi Mize hatua kwa hatua, naye akaniambia nilipokuwa mjinga. Mwenyewe hakupata kukaa pale uani. Wa mashuka hakai na wageni, ilikuwa desturi ya nyumba, na hakuna aliyeiuliza sababu yake. Nami sikuuliza.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Kuliandika ni kazi, lakini Salma analijua, kwa hiyo hakuna pa kujificha.

Alikuwako mgeni mmoja, Bwana Henrik, mwalimu mstaafu wa nchi za baridi, mrefu, mwenye daftari la ngozi. Alikuja kila mwaka baada ya masika na kundi lake la watalii, akajifunza Kiswahili mpaka akawa anawatania wauza viungo. Kila mwaka tulicheza, na kila mchezo aliuandika. Mwaka wake wa kwanza, baada ya Hodi kumshinda, aliniuliza mbele ya watu, "Bwana Pandu, nani kakufundisha hii?"

Nikamjibu, "Nimejifunza mwenyewe."

Nilisema hivyo kwa nini? Kwa kuwa watu walikuwa wananitazama, na ilikuwa raha. Dirisha la juu lilikuwa wazi. Jioni nilipanda kusimulia kama kawaida, na Bi Mize akanisikiliza kama kawaida, ila akanyoosha shuka moja mara tatu. Mwaka wa pili Bwana Henrik hakuuliza tena, kwani alikuwa keshajua jibu, nami nikauacha uongo ukae, ukakaa miaka kumi na tisa.

Bwana Nassor akastaafu, akaja meneja mwingine, kijana mwenye suti, anayesema "mabadiliko" kila baada ya kumeza mate. Akatangaza kwamba mashuka yatafuliwa nje ya hoteli, kule Kiembe Samaki, chumba cha juu kitakuwa duka la zawadi, na Bi Mize "atapumzika". Mwisho wa mwezi. Hakumwuliza kama amechoka. Nilipanda juu nikamkuta anakunja mashuka kona kwa kona, kama siku zote.

"Bi Mize, utakwenda wapi?"

"Kwani mie mzigo, nahitaji pa kuwekwa?" Akakunja kona nyingine. Kisha akasema, polepole, "Miaka yote hii, Pandu, anayejua kama nilikuwapo ni nani?"

Jamani, nilishuka ngazi zile sioni mbele.

Wiki hiyo hiyo Bwana Henrik akafika. Hata mkoba hajaweka chini, ananitikisia daftari. "Mwaka huu nimekuja na dawa ya Hodi!" Ikawa habari ya nyumba nzima. Kesho yake baada ya adhuhuri ua ukajaa: kundi lake, wapishi, wahudumu, meneja na suti yake, mikono nyuma, anatabasamu kwa kamera.

Dawa aliileta kweli. Malkia wangu aliporudi nyumbani na ndovu wangu alipotoka, Bwana Henrik akawatuma askari wa pembeni mbio, wawili, wakimfukuza ndovu kila anapokimbilia. Nikababaika. Ndovu akakosa pa kukaa, akaliwa, na mfalme wangu nilikuwa nimemweka upande huo huo wa vurugu. Hata nusu saa haikufika. Watu wakapiga makofi.

"Kwa heri, Hodi," akasema Bwana Henrik, akafunga daftari. Akacheka, hana ubaya. "Pole, Bwana Pandu. Ndo taabu ya kujifunza mwenyewe."

Nikatazama juu. Dirisha lilikuwa wazi na pasi imesimama.

Nikasimama, nikasema kwa sauti, ili asikie hata mpishi wa nyuma, "Sikujifunza mwenyewe. Nilisema uongo. Hodi si yangu. Mwenyewe yuko juu, anapiga pasi, na huyu mliyemwona akipigwa ni mwanafunzi wake mbaya."

Meneja akaacha kutabasamu. Bwana Henrik akaniangalia, akaangalia dirisha, akavua miwani.

"Bi Mize!" niliita.

"Naam!"

"Shuka, tafadhali."

"Nna mashuka ya namba tisa!"

"Namba tisa watalala juu ya godoro! Shuka!"

Akashuka. Nasikia mpaka leo kandambili zake kwenye ngazi, taratibu, hajali. Alikuwa kajifunga kanga kiunoni, na harufu ya sabuni ikamtangulia. Bwana Henrik akasimama, akamvutia kiti, na kwa kuwa miaka yake kwetu haikwenda bure, akaugeuza ubao ili kete nyeupe ziwe upande wa Bi Mize.

"Mkubwa kwanza, bibi."

Bi Mize akaugeuza tena. "Hapa kwetu. Mgeni wewe."

Mchezo ukaanza. Askari, askari, malkia akatoka, farasi akamtisha, malkia akarudi. Bwana Henrik hakuwa na haja ya kufikiri, alikuwa nayo dawa. Ndovu akatoka, askari wa pembeni wakaja mbio. Nikafumba macho. Nilipofumbua, ndovu alikuwa karudi nyuma hatua moja, ametulia, na farasi wa Bi Mize anabadilishana na farasi aliyekuwa anawasaidia wale askari. Kisha ikaadhiniwa alasiri. Bi Mize akasimama.

"Nnakwenda kusali. Kete zisiguswe."

Hakuna aliyezigusa. Meneja mwenyewe alimzuia paka.

Aliporudi, akafanya jambo ambalo mimi katika miaka yangu yote sikulifikiria: mfalme wake akamhamishia upande wa pili kabisa. Wale askari walikuwa wameshafika mlangoni, wanahema, na nyumba tupu.

"Haya," akasema, "sasa wanapiga hodi wao. Mwenye nyumba kahama."

Wapishi wakaangua kicheko. Bwana Henrik hakucheka. Alishaona. Askari wake walikuwa mbali na kwao, hawarudi, na hakuna wa kuwalinda. Bi Mize akabadilishana kete moja, akabadilishana nyingine, bila ya haraka, kama anayekunja mashuka. Ngome yake ikashuka kwenye mstari wazi, ikamla askari wa kwanza, ikamla wa pili. Ile nafuu ndogo ya nyeupe nilikuwa naitafuta ubaoni, siioni. Jua lilikuwa limeshapanda ukutani kwenye roshani ya tatu pale Bwana Henrik alipomshika mfalme wake kwa vidole viwili na kumlaza.

Lo! Ua ulivyolipuka! Wahudumu walipiga vigelegele, mpishi aligonga sinia, na mimi nililia waziwazi, sioni haya kuandika. Bi Mize alikaa tu, mikono juu ya mapaja, anautazama ule ubao wa mpingo ambao miaka yote aliuona kwa juu. Kisha akamgusa mfalme wake kichwani kwa kidole, mara moja.

Bwana Henrik akafungua daftari. Mbele yetu akarudia kurasa zote, mwaka kwa mwaka, na kila palipoandikwa Hodi akaandika pembeni jina la Bi Mize, akiniuliza herufi. Halafu akamgeukia meneja. "Mwaka kesho nitakuja tena na kundi langu. Bibi atakuwapo?"

Meneja akameza mate. Safari hii hakusema "mabadiliko". Akasema, "Bila shaka."

Duka la zawadi likaenda chini ya ngazi, lilipo sasa, na mashuka hayakwenda Kiembe Samaki. Kila Alhamisi Bi Mize alikaa uani, mezani, na mgeni aliyetaka kucheza naye alisubiri zamu yake. Alikaa mpaka alipotaka mwenyewe kuondoka. Meneja akaanza kuwaambia watu kwamba wazo lilikuwa lake. Nilimwacha, maana wizi huo niliuanza mimi.

Nami siku yangu ya mwisho ikafika, mwezi uliopita. Keki mliileta, hotuba mkaniepusha, ahsanteni. Alasiri Salma akaniita uani. Mezani hapakuwa na ubao wa mpingo. Ilikuwa foronya, ile ile, wino haujafifia, na vifungo vimepangwa. Bi Mize alipoondoka alimwachia yeye, sikuachiwa mimi, na alifanya sawa. Nikavuta kiti upande wa nyeusi. Salma akanishika bega.

"Upande wa pili, mzee. Mkubwa kwanza."

Nikakaa nyuma ya vifungo vyeupe, nisijue mikono niiweke wapi. Miaka thelathini na moja! Nikasogeza askari wa mfalme, hatua mbili, kama walivyofanya wote. Salma akasogeza wa malkia. Nikala. Malkia wake akatoka, nikatoa farasi, malkia akarudi kwao.

Ndipo kwa mara ya kwanza nikaona walichokuwa wakikiona wageni. Njia nyeupe, wazi, milango yote yangu. Jamani, raha yake! Nilijiona fundi. Nikaingia na kete zangu zote, kwa furaha, na mlango ukafungwa nyuma yangu, wala sikusikia umefungwa saa ngapi. Nikamlaza mfalme.

Dada mmoja mgeni, aliyekuwa amesimama na kikombe chake, akamwuliza Salma, "Nani kakufundisha?"

"Bi Mize," akajibu Salma papo hapo, huku anaokota vifungo. "Wa chumba cha mashuka."

Jibu lile lilinichukua miaka kumi na tisa.

Nilipofika nyumbani nikampigia simu Bi Mize. Anakaa kwa mwanawe Mkokotoni, masikio mazito kidogo, lazima useme kwa nguvu.

"Bi Mize, shikamoo! Leo nimefungwa!"

"Marahaba. Kakufunga nani?"

"Salma! Kwa Hodi yako!"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Nyeupe alishika nani?"

"Mimi!"

"Basi ushakuwa mkubwa, Pandu," akasema. "Pole."